George Boulenger: mtu aliyewapa majina samaki wa Kivu, mla na mliwa

Mama anayenunua sambaza kwenye soko la Kituku mjini Goma, na kuwapandisha hadi Sake na Masisi barabara ikiwa wazi, hana sababu yoyote ya kumjua George Albert Boulenger. Lakini Boulenger ndiye aliyempa sambaza jina lake la kisayansi mwaka 1906, akiwa London, mbele ya chupa ya spiriti yenye samaki kutoka Ziwa Tanganyika. Ni yeye pia aliyemwandika mbenga, samaki wa mto Kongo mwenye meno ya kutisha kuliko wote. Mukeke wa Uvira alipitia mezani kwake, na vilevile mwindaji mdogo mwenye mistari anayeishi katika Ziwa Kivu peke yake.

Kwa nini maisha ya mtaalamu aliyekufa mwaka 1937 yawahusu watu wa Masisi na Walikale leo? Kwa sababu ya swali ambalo kila mfugaji wa samaki katika vilima hivyo hukutana nalo siku moja. Mvua kubwa ikinyesha, ukingo wa etangi ukabomoka na tilapia wote wakaingia mtoni, nini kinafuata? Je, samaki wa asili watawala hao wageni, au wageni watawamaliza wenyeji? Kabla ya kujibu, lazima kwanza ijulikane nani alikuwamo majini tangu zamani na nani ameletwa. Maneno mwenyeji na mgeni yamekwisha kumwaga damu nyingi katika vilima vya Masisi. Hapa yanawahusu samaki tu. Na kwa samaki, orodha ya kwanza kubwa ya nani alikuwepo wapi ni kazi ya Boulenger.

Mtoto wa notari

Boulenger alizaliwa Bruxelles tarehe 19 Oktoba 1858, mtoto wa kiume pekee wa notari Gustave Boulenger na mkewe Juliette Piérart. Alimaliza masomo ya sayansi ya viumbe katika Chuo Kikuu Huru cha Bruxelles mwaka 1876, akiwa bado kijana mdogo, na akaajiriwa katika jumba la makumbusho ya viumbe la mji huo. Kazi yake ilikuwa vyura, mijusi, nyoka na samaki. Mara kwa mara alisafiri kwenda Paris na London kulinganisha wanyama wa Ubelgiji na wale waliohifadhiwa huko.

Huko London alionwa na Albert Günther, Mjerumani aliyekuwa mkubwa wa idara ya wanyama katika jumba la makumbusho la Uingereza. Mwaka 1880 Günther alimwita aje kupanga upya vyura wote waliokuwa kwenye chupa za jumba hilo. Kulikuwa na tatizo moja: kazi hiyo ilikuwa ya serikali, na serikali ya Uingereza haikuajiri mgeni. Boulenger akachukua uraia wa Uingereza. Mwaka 1882 aliwekwa katika cheo cha msaidizi wa daraja la kwanza, na katika cheo hichohicho akabaki hadi alipostaafu mwaka 1920. Miaka karibu 40 bila kupanda ngazi. Inaonekana hakuwa mtu wa kutafuta ukubwa.

Waliomjua walimkumbuka kwa mambo mawili. La kwanza ni kumbukumbu yake: inasemekana hakusahau mnyama aliyewahi kumwona wala jina alilowahi kulisoma. La pili ni uandishi wake. Aliandika mara moja tu na kupeleka kwa mchapaji, karatasi zikiwa na masahihisho machache sana. Alizungumza Kifaransa, Kiingereza na Kijerumani, akasoma Kihispania, Kiitaliano na Kirusi kidogo, na Kilatini na Kigiriki vilikuwa vifaa vyake vya kazi vya kila siku. Jioni alipiga violini. Mwaka 1894 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi wakubwa wa Uingereza.

Kufikia mwaka 1921 alikuwa amechapisha makala 875 na vitabu vikubwa 19. Aina mpya za wanyama alizozieleza zilifika 1,096 za samaki, 556 za vyura na jamaa zao, na 872 za nyoka, mijusi na wenzao. Hesabu hiyo ni ya mtu mmoja, aliyefanya kazi kwa jicho, kalamu na rula.

Samaki wa Leopold

Mwaka 1897 jina lake liliunganishwa na Kongo moja kwa moja. Mfalme Leopold wa Pili, aliyeimiliki nchi hii kama shamba lake binafsi, alitaka makumbusho ya Kongo, na wataalamu wa viumbe wakakusanywa kwa ajili hiyo. Boulenger, Mbelgiji aliyekwisha kuwa Mwingereza, akateuliwa kuwa mwenyekiti wa tume yao.

Mwaka huohuo, huko Tervuren nje kidogo ya Bruxelles, Wakongo 267 walisafirishwa na kuwekwa kwenye vijiji vya maonyesho ili Wazungu waje kuwatazama. Saba kati yao walikufa na kuzikwa hukohuko. Makumbusho ya Kongo yalizaliwa kutokana na maonyesho hayo. Wasifu mwingi wa Boulenger huruka jambo hili, kana kwamba samaki walijisafirisha wenyewe hadi Ulaya. Walisafirishwa na maofisa wa dola ileile iliyokuwa ikidai mpira kwa bunduki. Mmoja wao, kapteni Wilverth, alituma samaki wengi wa mto Kongo, na Boulenger alimshukuru kwa kumpa mmoja wa samaki hao jina lake mwaka 1898. Mvuvi Mkongo aliyemtoa samaki majini, aliyejua anajificha wapi na anakula nini, mara nyingi hakuandikwa popote.

Katika shehena hizo za miaka ya 1890 ndimo alimotokea mbenga. Boulenger alimpa jina la goliath, lile jitu la Biblia, mwaka 1898. Samaki huyu hupita urefu wa mita moja na uzito wa makumi ya kilo. Meno yake yanapishana nje ya midomo kama ya mamba, hata kinywa kikiwa kimefungwa. Hukaa katika mito mikubwa ya bonde la Kongo, Lualaba ikiwamo, na katika Ziwa Tanganyika, na chakula chake ni samaki wenzake. Kwa mtu aliyeketi London, meno hayo yalitosha kueleza kazi ya samaki huyo.

Mwaka 1901 Boulenger alitoa kitabu chake kuhusu samaki wa bonde lote la Kongo. Kati ya 1909 na 1916 vikafuata vitabu vinne vya orodha ya samaki wa maji baridi wa Afrika nzima, cha mwisho kikitoka Ulaya ikiwa vitani. Wataalamu bado huvifungua vitabu hivyo leo, hata wakiwa wamekuja kusahihisha.

Ziwa lililofungwa na volkano

Mwingereza J. E. S. Moore alipanda kutoka Tanganyika hadi Kivu katika msafara wake wa 1899 na 1900, akaendelea hadi Rwenzori. Samaki wa Kivu aliowakusanya walikwenda kwa Boulenger, ambaye aliwaandika mwaka 1900 na 1901. Miongoni mwao alikuwamo samaki mwembamba mwenye mstari ubavuni, aliyemwita vittata. Leo anajulikana kama Haplochromis vittatus. Hapatikani popote duniani isipokuwa Ziwa Kivu, na ni mwindaji: anakula samaki wadogo.

Kivu ni ziwa la ajabu kwa samaki. Zamani maji yake yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Volkano za Virunga zilipoinuka zikaziba njia, maji yakajaa hadi yakapata mlango wa kusini na kushuka Tanganyika kupitia Ruzizi. Lakini samaki wa Tanganyika hawawezi kupanda maporomoko ya Ruzizi. Ndiyo maana Kivu ilibaki na aina chache za samaki: kambare, tilapia wa asili, samaki wenye sharubu wa mitoni, na aina takriban 15 za jamii ya vittatus ambazo ni za ziwa hilo peke yake. Maji ya katikati, yaliyojaa vijidudu vidogo vya kuliwa, hayakuwa na samaki wa kuvila.

Mwaka 1906 Boulenger alipokea samaki wa Tanganyika waliokusanywa na mtaalamu Cunnington. Mmoja alikuwa dagaa mdogo anayeng'aa, akamwita miodon. Huyo ndiye sambaza. Katika ziwa lake la kuzaliwa, sambaza haishi kwa raha: anafukuzwa usiku na mchana na mukeke na sangala. Mukeke naye aliandikwa na Boulenger, mwaka 1914, kwa jina la kumheshimu Mbelgiji Louis Stappers aliyefanya utafiti Tanganyika na Moero.

Hivyo basi, mla na mliwa waliandikwa na mkono uleule kwa tofauti ya miaka minane. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1950, zaidi ya miaka 20 baada ya kifo cha Boulenger, Wabelgiji walimchukua mliwa peke yake. Vifaranga vya sambaza vilitolewa Tanganyika na kumwagwa Kivu ili wale vile vijidudu vya katikati ya ziwa na kuwapa watu nyama. Mukeke alibaki Tanganyika.

Mpango huo ulileta chakula, hilo halina ubishi. Leo mashua zinazofungwa pamoja, na taa zake na nyimbo za wavuvi, ni sehemu ya usiku wa Goma, Bukavu na Idjwi. Lakini ziwa lilibadilika. Kijidudu kikubwa kuliko vingine vya majini, cha aina ya Daphnia, kilitoweka baada ya sambaza kuingia. Mwaka 1986 mtaalamu Mbelgiji Henri Dumont alionya kwamba huenda ziwa linaelekea kwenye balaa, kwani sambaza wangemaliza chakula chao wenyewe. Balaa hilo halikuja kama alivyohofia, wavuvi waliendelea kuvua. Sababu mojawapo inashangaza: sambaza wakubwa huwala sambaza wadogo. Palipokosekana mukeke, sambaza alijifanya mukeke wa watoto wake.

Na vittatus, mwindaji wa asili? Yeye ni mdogo, ni wa jamii isiyokwenda mbali na miamba na pwani, hawezi kufanya kazi ya kundi la mukeke linalowinda katikati ya ziwa.

Etangi na mto

Katika mito hali ni tofauti, na hapa ndipo watu wa Masisi na Walikale wanapohusika zaidi. Mto Lowa hutoka kwenye vilima vya upande wa Masisi, hupita misitu ya Walikale na kumaliza safari yake katika Lualaba. Juu, maji ni ya baridi na yenye maporomoko ambayo samaki wakubwa hawawezi kuyapanda. Chini, mto unapopanuka, waindaji huongezeka: kambare, yule samaki mrefu mwenye kichwa cha nyoka ambaye kwa Lingala huitwa mungusu, na katika Lualaba yenyewe, mbenga.

Ufugaji wa samaki katika etangi ulienezwa sana na Wabelgiji baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Tilapia wawili waliosambazwa zaidi kutoka Katanga wakati huo, macrochir na rendalli, wote walipewa majina na Boulenger, wa kwanza mwaka 1912 na wa pili mwaka 1897. Walichaguliwa kwa kuwa wanakula majani na uchafu wa majini, na huzaana haraka. Baadaye kukuzaana huko ndiko kulikowaletea wafugaji hasara. Tilapia akiwa na miezi michache tu anaanza kuzaa, na etangi hujaa samaki wa ukubwa wa kidole ambao hawakui tena kwa sababu chakula hakitoshi. Mfugaji anatoa maji akitarajia samaki wa sahani, anakuta samaki wa kukaanga kama sambaza.

Dawa iliyogunduliwa ni ya kale kama mto wenyewe: kuweka mwindaji. Kambare wachache wakiingizwa tilapia wakiwa wamekwisha kukua kidogo, wanakula vifaranga, na tilapia waliobaki wanapata nafasi ya kunenepa. Kambare huyo, ni haki kusema, hakuandikwa na Boulenger; Mwingereza Burchell alikuwa amemtangulia tangu 1822. Kambare wakiingia mapema au wakiwa wakubwa mno, mfugaji atavuna kambare peke yao.

Kinachotokea ndani ya etangi yenye kambare ndicho kinachotokea mtoni tilapia wanapotoroka. Mahali penye waindaji wengi wa asili, vifaranga vya mgeni huliwa kabla ya kufikia ukubwa usioingia kinywani, na mgeni hubaki wachache. Mahali pasipo na waindaji, kama vijito vya juu vya Masisi au maziwa yaliyozibwa na lava, hakuna wa kuwapunguza. Na mahali ambapo waindaji walikuwepo lakini wamemalizwa kwa sumu na vyandarua vya mbu, mto wa Walikale unakuwa kama etangi isiyo na kambare. Samaki mkubwa mwindaji ndiye wa kwanza kutafutwa na mvuvi, kwa kuwa ana nyama nyingi, na ndiye anayechelewa kurudi.

Jambo hili lina upande wa pili ambao haupaswi kufichwa. Mwindaji akiwa yeye ndiye mgeni, hesabu inageuka kuwa msiba. Sangala wa mto Nile aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na aina nyingi mno za samaki wadogo wa ziwa hilo, zinazohesabiwa kwa mamia, zilitoweka au kubaki chache sana. Baadhi yao walikuwa wale walioandikwa na Boulenger mwaka 1906, kutokana na samaki waliokusanywa Uganda na Edward Degen. Anayefikiria kuleta mwindaji kutoka mbali ili amalize tilapia Masisi afikirie kwanza Victoria.

Kile ambacho chupa haikusema

Kazi ya Boulenger ilikuwa na mipaka yake. Alihesabu magamba ya ubavu, miiba ya mapezi, meno na matamvua, akapima kichwa na mwili. Samaki aliyelala kwenye spiriti hasemi alikula nini jana, wala ni nani alikuwa akimfukuza. Majina mengi aliyoyatoa yalibadilishwa baadaye. Charles Tate Regan, katika jumba lilelile la London, alipangua makundi ya samaki wa jamii ya tilapia ambayo Boulenger aliyapanga, na ni Regan aliyempa sambaza sehemu ya kwanza ya jina lake la sasa, Limnothrissa, mwaka 1917. Boulenger wakati mwingine aligawa aina moja kuwa mbili, na wakati mwingine aliunganisha mbili kuwa moja.

Mwaka 1920 alistaafu. Mwaka uliofuata alitoa jina kwa samaki kipofu wa mapango ya Thysville, leo Mbanza-Ngungu, katika Kongo ya Chini, na baada ya hapo akaacha wanyama. Aligeukia maua ya waridi. Aliandika makala 34 za mimea na vitabu viwili juu ya waridi wa Ulaya, kutokana na mkusanyiko wa mimea iliyokaushwa na Mbelgiji François Crépin. Mwanawe, Edward George, alibaki na samaki: alikuwa mkurugenzi wa nyumba ya samaki hai katika bustani ya wanyama ya London, iliyofunguliwa mwaka 1924.

Wakati Boulenger akishughulika na miiba ya waridi, kizazi kingine kilikuwa kimefika Masisi. Kati ya 1935 na 1936, Mbelgiji Hubert Damas alichunguza maziwa ya Kivu, Edward na Ndalaga, hilo la mwisho likiwa miongoni mwa maziwa ya Mokoto. Damas alipima joto la maji, hewa iliyomo na vijidudu. Samaki wa msafara huo walielezwa na Max Poll mwaka 1939. Boulenger hakuwahi kukisoma kitabu hicho. Mwaka 1937 Ubelgiji ilimpa nishani ya Leopold, na tarehe 23 Novemba mwaka huohuo akafariki huko Saint-Malo, Ufaransa, akiwa na miaka 79.

Katika miaka ya 2000 wavuvi wa Kivu walianza kupata kwenye nyavu samaki wasiyemzoea, mwembamba, mwenye madoa ya buluu yanayong'aa. Alikuwa ametoka Tanganyika kama sambaza, safari hii bila mpango wa serikali yoyote. Wataalamu walipofungua vitabu kumtafuta, walimkuta Boulenger amekwisha kumwandika tangu 1898: Lamprichthys tanganicanus. Sasa anagombania chakula na sambaza, mgeni mwenzake aliyemtangulia, na katika Ziwa Kivu hakuna mukeke wa kumfukuza.